Dada Alichukua Kumbukumbu Zote

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu, kila kilichopita kilikuwa jana. Jana tulikula samaki. Jana mdogo wake alizaliwa. Jana alikuwa tumboni mwangu, akanipiga teke, nikamwambia aache. Nilikuwa kwenye cherehani yangu pale Mchesi, Lilongwe, mguu unakanyaga na pini ziko mdomoni, na yeye ameketi chini juu ya vipande vya vitambaa akinisimulia jana zake zote. Wateja walicheka, nami nikacheka nao, lakini roho iliniuma. Nilimwonea wivu. Mtoto ambaye bado alivaa viatu kinyume alikuwa na jana. Mimi nikiwa na umri ule nilikuwa nimevuka mto, nimevuka ziwa, nimeipita nchi nzima ya Tanzania, na sina hata jana moja ya kusimulia.

Dada yangu anazo. Zote za familia yetu anazo yeye.

Tulifika kambi ya Dzaleka tukiwa watatu: mama, dada na mimi. Tulitoka Fizi, upande wa Kongo, wakati wa vita ya kwanza. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa mihogo, na baba, kama nilivyoambiwa, alibaki nyuma baada ya mto; kama alikuwa hai au la, hakuna aliyejua. Dada alikuwa amekwisha kung'oka jino la mbele tulipokimbia. Mimi nilikuwa nanyonya. Kwa hiyo tangu mwanzo hesabu yetu ilikuwa hivi: dada alikuwa na baba wa kukumbuka, mimi nilikuwa na dada wa kunisimulia.

Kwetu dada mkubwa huitwa yaya, na baba ni papa. Mama alikuwa na desturi yake kabla ya chakula cha jioni. Nsima, ugali wa Malawi, ikiwa imeshapakuliwa na maharage yanatoa moshi, hakuna aliyegusa kitu mpaka tusali, na hatukusali mpaka dada aulizwe. Mama aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia kanisani.

“Siku ile tulikuwa wapi?”

“Ku mto.”

“Na maji ilikuwa namna gani?”

“Ilijaa. Ilikuwa muekundu.”

“Nani alikubeba?”

“Papa.”

“Alikubeba wapi?”

“Huku, juu ya mabega. Alinishika miguu, huku.” Hapo dada aliinama, akajishika vifundo vya miguu yote miwili, kila jioni, kana kwamba tulikuwa hatujawahi kuviona.

Kisha mama alinitazama mimi na kusema, bila ubaya wowote, “Huyu alikuwa ku mugongo. Hakumbuke kitu.” Halafu tukafumba macho, akaombea wale waliobaki. Mimi sikufumba. Nilimkodolea dada macho, na yeye akiwa amefumba yake alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba kabla ya kula.

Niseme sasa kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni ipi, kwa sababu nimeitafuta sana na nina hakika nayo. Nimeketi chini, nyuma ya mtu. Mbele yangu kuna kisigino chenye mpasuko ulioingia vumbi jeupe. Juu ya kisigino hicho sauti inazungumza, na wanawake wanasema, “Ee, pole, pole mama.” Kisigino ni cha dada. Anasimulia mto. Wengine kumbukumbu yao ya kwanza ni uso wa mama, au mbwa, au mvua juu ya bati. Yangu ni dada akikumbuka.

Na alipendwa kwa hilo! Tulipokuwa kwenye foleni ya bomba, wanawake wa Uvira na wa Fizi walimwita, “Kuya hapa, utupigie ile ya papa yako.” Wakampisha akae juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wakampa karanga, au kipande cha muwa. Alijua mahali pa kunyamaza ili watu wavute pumzi. Alijua kusema polepole pale baba alipoteleza katikati ya maji na kusimama tena. Muwa ukifika mkononi mwake aliuvunja, akanipa upande wa juu, ule usio na utamu. Nilikula muwa wa baba yangu kwa fadhila ya dada yangu, na niliutafuna kwa hasira mpaka fizi zikauma.

Nilijaribu kupata yangu. Msinicheke. Nilikwenda nyuma ya ukuta mmoja wa lile gereza la zamani, maana kambi ilianzishwa palipokuwa gereza, nikafumba macho nikasukuma fikra nyuma kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. Siku moja ulifunguka kidogo. Nilihisi baridi kwenye mguu wangu wa kushoto. Maji! Nilikuwa mgongoni mwa mama, mguu ukaning'inia, maji ya mto yakaugusa. Nilikimbia nyumbani. Jioni ile, kabla dada hajaulizwa, nikasema, “Mi pia nakumbuka. Maji ilinigusa ku muguu.”

 Mama akataka kutabasamu. Dada akasema, “Hapana, ile ni yangu. Mi njo nilisemaka maji ilimugusa ku muguu. Ameiba.”

Na ilikuwa kweli. Alikuwa amewahi kusema hivyo kwenye foleni: “Mdogo wangu alilia kwa sababu maji yalimgusa mguu.” Nililisikia, likazama, na lilipoibuka lilikuwa limevaa nguo zangu. Mtoto mdogo hajui tofauti kati ya lililompata na aliloambiwa. Yote mawili humlowesha mguu sawasawa. Lakini wakati ule sikuwa na falsafa hiyo. Nilikuwa na meno. Niliinama chini ya meza nikamng'ata dada kifundo cha mguu, palepale aliposhikwa na baba, mpaka mama akanivuta kwa masikio. Alama ilibaki. Miaka iliyofuata kuna wamama wa kwaya waliokuwa wakiiona alama ile na kusema kwa huzuni, “Njo pale papa yake alimushika.” Dada hakuwasahihisha. Mimi nilikuwa nikijilamba meno.

Tangu nizae watoto wangu nimewatazama sana katika jambo hili, kwa jicho la mtu aliyeibiwa. Mtoto mchanga anakumbuka, asikudanganye mtu. Anakumbuka kwa mwili. Binti yangu, kabla hajajua kusema, alipendwa na mama mmoja Mmalawi, jirani yetu, aliyekuwa akimbeba kila alasiri ili mimi nimalize nguo za watu. Yule mama akahamia Lumbadzi, kule njia ya uwanja wa ndege. Miezi ilipita. Siku moja nilipita na mtoto mgongoni mbele ya mlango wake wa zamani, ambao sasa ulikuwa na kufuli, na mtoto akatoa mikono yote miwili nje ya kitenge akaunyooshea mlango. Hakulia. Alinyoosha tu, akingoja kupokelewa.  Alikuwa anamjua mtu ambaye hata jina lake hakuweza kulitaja.

Nilipaswa kumuuliza. Kila siku nilipaswa kusema, unamkumbuka yule mama, alikuimbia nini, alikupa nini. Sikuuliza, kazi zilinibana. Alipofika miaka mitano yule mama alikuja kutoka Lumbadzi kututembelea, akapiga magoti akafungua mikono, na binti yangu akajificha nyuma ya sketi yangu. “Zikomo,” alishukuru kwa kunong'ona alipopewa biskuti, kama kwa mgeni yeyote. Yote yalikuwa yamekwenda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto hakumbuki lililotokea; anakumbuka lile alilokuwa akiulizwa. Dada aliulizwa kila jioni. Mimi sikuulizwa hata mara moja. Labda nilikuwa na kitu. Labda nilikuwa na harufu ya baba, au namna alivyokohoa, na kilikaa ndani yangu kikingoja mtu aseme, na we? Kilingoja mpaka kikafa. Nikifikiria hivyo namkasirikia mama yangu, na yeye ni mzee sasa na anapenda chai yangu.

Baba alikuja wakati vita ya pili imepamba moto. Nilikuwa nimeanza shule pale kambini. Watu wapya walikuwa wakifika kila mara, na dada alikuwa akienda kuwatazama nyuso, akirudi anasema hayumo. Siku aliyokuwemo, dada alikuwa wa kwanza kumwona. Ningetegemea nini kingine? Nilisikia kelele, nikatoka, nikaona mtu mrefu mwenye koti la kuazima amepiga magoti kwenye vumbi na dada amemning'inia shingoni. Mama alikuwa amesimama pembeni amejishika mdomo.

Mimi nilisimama pia. Nilingoja. Nilikuwa nimejiambia kwamba hata kama mimi simkumbuki, yeye atanikumbuka. Yeye alikuwa mtu mzima, hakuwa na udhuru. Akanyanyua uso juu ya bega la dada akaniangalia, akamwangalia mama.

“Na huyu?”

“Njo ule wa ku mugongo,” mama akasema.

“Aa! Amekuwa mukubwa.” Akanyoosha mkono akanigusa kichwa. Mkono ulikuwa mwepesi na ulitoka upesi, kwa sababu dada alikuwa bado anauhitaji.

Usiku huo sikula. Mama alidhani ni furaha.

Jambo moja lilinifariji kidogo, nalo ni kwamba mabega yake yalikuwa membamba. Kwa miaka yote dada alikuwa ametusimulia mabega mapana, mabega ya mtu wa kubeba magunia, na huyu alikuwa na mabega ya mwalimu. Nilimwambia dada hivyo. Akasema vita imemkondesha. Nikasema mifupa haikondi. Akanifukuza.

Katika kanisa letu kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Familia ikikutana tena baada ya kupotezana, Jumapili ya kwanza husimama mbele na kusimulia njia. Anaanza mkubwa, anafuata mwingine, kila mtu anasema kipande chake, mpaka njia nzima kutoka kijijini hadi Dzaleka iwe imesemwa na hakuna shimo. Wadogo wasiokumbuka husimama tu, wameshikwa mkono. Jumapili ile tulisimama wanne. Kanisa lilikuwa la matofali ya udongo, viti pia vya udongo vilivyojengwa kutoka sakafuni, na watu walijaa mpaka madirishani.

Baba alipewa nafasi ya kwanza. Alisema amefika, anamshukuru Mungu, akarudi nyuma. Mama alisema ziwa na Kigoma. Alimtaja pia mdogo wake wa kiume, mjomba wetu, aliyekimbia pamoja nasi na kufa kwa homa katika kambi ya Tanzania; watu wakaguna kwa huruma. Kisha dada akasogea mbele. Sitasema alisimulia vibaya. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, maana mwenye mabega alikuwa nyuma yake. Maji yalijaa, yalikuwa mekundu, daraja halikuwepo, baba akachuchumaa akasema panda. Wamama walianza kulia kabla hajafika katikati ya mto. Alipomaliza, wengine walifungua vitenge vyao vya juu wakavitandika sakafuni mbele ya baba ili akanyage, kama wanavyomfanyia bwana harusi. Yeye hakukanyaga. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mchungaji naye alipandwa na furaha. “Papa, utuonyeshe!” akapaza sauti. “Umubebe tena, kanisa ione!”

Dada alikuwa msichana mkubwa sasa, miguu mirefu. Wanaume wawili wakamnyanyua wakamweka juu ya mabega ya baba, vigelegele vikapasua paa, na baba akayumba, akajikaza, akasimama. Mimi nilikuwa chini pale, nimeshikwa mkono na mama, naangalia juu. Wivu ulikuwa umenipanda mpaka nikaona giza. Ndiyo maana niliona ambalo wengine hawakuliona. Mwenye wivu haachi kutazama. Baba alikuwa amemshika dada magoti. Aliyashika magoti kwa nguvu, kama mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto namna hiyo, na miguu ya dada ilining'inia bila kushikwa, ikimpiga kifuani.

Wiki hiyohiyo baba alianza kukandika ukuta wa jiko letu. Mimi nilimletea maji kwa kopo, yeye akakanyaga udongo. Tulikuwa wawili tu, dada alikuwa mazoezi ya kwaya. Nilizunguka zunguka nikimwaga maji zaidi ya yaliyohitajika, mwishowe nikauliza kwa nini.

“Papa, juu ya nini ulimushika yaya ku magoti? Siku ya mto ulimushika huku.” Nikajishika vifundo.

Aliendelea kukanyaga. Udongo ulikuwa umelainika tayari, haukuhitaji tena kukanyagwa, lakini aliendelea. Kisha akasimama.

“Mama,” akaniita, kama baba zetu wanavyowaita binti zao, “haikuwa mi.”

Sikuelewa.

“Ilikuwa yomba yako. Mi sikukuwa pale. Nilikuwa ku shamba. Nilisikia masasi ya bunduki, nikakimbia. Nilikimbia upande yangu.”

“Peke yako?”

“Peke yangu.”

Akachota udongo akaupiga ukutani, akausawazisha kwa kiganja. Hakuniomba ninyamaze. Hakusema ni siri. Alinyoosha mkono nimpe maji, nikampa.

Mnangoja niseme nilihuzunika. Nilifurahi! Nilifurahi mpaka nikaogopa mtu ataniona. Mjomba, marehemu mjomba ambaye hakuna aliyemwimbia wala kumtandikia kitenge, ndiye aliyekuwa na mabega mapana. Baba alikimbia peke yake, na mtu pekee aliyejua, ukimwondoa mama, ambaye lazima alijua, alikuwa mimi. Dada alikuwa na mto mzima, lakini ulikuwa wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na maneno machache yaliyotoka kinywani mwa baba, kwangu, mchana, huku udongo ukikauka mikononi mwake. Hiyo ilikuwa kumbukumbu yangu ya kwanza ya baba ambayo hakuna aliyenisimulia. Niliishika kwa mikono miwili.

Jioni zilizofuata mama aliendelea kuuliza, na dada kujibu, na baba kukaa pale ametazama sahani. Nilikuwa nikimwangalia kimyakimya. Tunajua, mimi na wewe, nilikuwa nikisema moyoni. Hakuwahi kuniangalia, lakini hilo halikunisumbua. Nilidhani ni werevu wake.

Watu watajiuliza kwa nini sikusema. Miaka yote ile, ugomvi wote ule wa nguo na wa zamu ya kuteka maji, na baadaye ugomvi wa nani amtunze mama, nilikuwa na jiwe mkononi na sikulirusha. Mume wangu nilipomwambia alinisifu, akasema nina moyo. Hamjui dada yangu. Ningemwambia, angelia. Akilia, watu wangemzunguka. Wangempa pole, wangempa kiti, na kesho yake angekuwa na habari mpya ya kusimulia: jinsi alivyogundua, jinsi moyo ulivyovunjika, na angejua mahali pa kunyamaza. Ingekuwa yake. Kwa hiyo sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa choyo.

Baba alikufa nikiwa tayari Mchesi, nina cherehani yangu na watoto. Nilifunga duka tukaenda Dzaleka kilioni. Siku ya kumaliza msiba watoto wa marehemu husema neno, kuanzia mkubwa. Dada alisema mto. Mnajua jinsi alivyosema. Aliposhuka, mzee aliyeongoza akamtazama mama, akanitazama mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, akasema kwa upole, “Mudogo alikuwa mutoto sana, hakumbuke. Tusali.” Watu wakasimama, wakafumba macho.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake niliwafuata waliokwenda nyuma ya nyumba kuosha sufuria kubwa za msiba. Dada alikuwa ameshaanza, amejifunga kitenge kiunoni, anasugua masizi kwa jivu. Wengine walikuwa wamekwenda kuteka maji. Nikachuchumaa upande wa pili wa sufuria, na sikuzungusha maneno.

“Haikuwa papa,” nikasema. “Ilikuwa yomba.”

Dada hakuacha kusugua.

“Najua.”

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

“Najua, mudogo wangu. Alinambiaka ile siku ya kanisa, tukiwa tunarudi. Alilia mu njia.” Alichota jivu jingine. “Akaniomba niendelee. Alisema batu banamuona kama mutu sasa, hataki kuwa tena mutu bure. Njo niliendelea. Miaka yote nilikuwa nasema ile kitu na najua.”

“Na mto?” nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. “Unaikumbuka kweli?”

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akitafuta jibu la swali hilo.

“Nakumbuka mikono. Ilinishika huku, ilikuwa baridi. Sura sina. Sura aliiweka mama. Yomba alipokufa nilikuwa namulilia sana, mama akaanza kuniuliza, papa alikubeba wapi, papa alikubeba wapi. Mupaka sura ya yomba ikatoka.”

Alijifuta uso kwa sehemu ya juu ya mkono, isiyo na masizi. Ningemhurumia hapo. Mtu mwingine angemhurumia. Lakini mimi nilikuwa na fikra moja tu, kwamba alijua kabla yangu. Siku ya Jumapili! Mimi niliambiwa katikati ya wiki. Hata lile neno langu moja alikuwa amelipata kwanza, tena akapewa na kazi ya kufanya nalo, aliombwa, alihitajiwa. Mimi baba hakuniomba chochote.

“Aliniambia mi pia,” nikasema, ili angalau alijue. “Tukiwa tunakandika jiko. Na mi nilichunga siri.”

“Alinambia alikuambia na we.”

“Alikuambia?”

“Njo vile. Nilimukasirikia. Nilisema, papa, ule mutoto atasema kwa batu.” Dada aliinua sufuria akaigeuza, upande wangu bado ulikuwa mweusi. “Akasema nisiogope. Akasema, ule hakuna mutu atamuuliza.”

Waliokwenda kuteka maji walikuwa wanarudi, tulisikia sauti zao. Nilichota jivu nikasugua upande wangu. Baba alikuwa amesema kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza. Na hata hilo alimwambia dada.